Chupa Yenye Kifuniko Chekundu

Kitu cha kwanza alichokiona Nanyama kilikuwa povu. Kila asubuhi alimwaga ndoo ya mkojo wa baba yake kwenye migomba, nyuma ya jikoni. Sisimizi waliokimbilia hapo alikwisha kuwazoea. Hiyo ilikuwa sukari, na Mzee Wabwile alikuwa ameugua sukari kwa miaka tisa. Povu ndilo lililokuwa geni. Lilikaa juu ya majani makavu, jeupe na zito kama la pombe ya busaa inayochacha, na hata alipomaliza kuosha ndoo lilikuwa bado liko.

Nanyama alikuwa msichana wa maneno machache. Aliacha shule darasa la sita mama yake alipofariki, na tangu hapo aliamini kuwa kusema ni haki ya waliosoma. Hata hivyo, yeye na baba yake walipotoka kijijini Kamukuywa kwenda kliniki ya sukari mjini Kitale, alimnong'onezea muuguzi habari za povu.

Muuguzi huyo, Sista Jelagat, hakucheka. Alitoa chupa ndogo yenye kifuniko chekundu.

"Mzee, kesho uniletee mkojo wa kwanza wa asubuhi. Tutatafuta protini, hata iwe kidogo namna gani. Figo zikianza kuharibika haziumi. Mkojo ndio husema kwanza, damu husema ikiwa imechelewa. Tukijua mapema, dawa za kuzilinda zipo."

"Si mimi niko sawa, bana! Jana nimepalilia mahindi mpaka saa saba."

Ulikuwa mwaka wa tohara. Agosti, wazee wangeketi katika boma la Wabwile kuzunguka chungu cha busaa, kila mmoja na mrija wake mrefu, na mwenye boma ndiye angevuta kwanza. Mzee alijua kuwa figo zikipatikana na kasoro, angekatazwa mrija huo.

Asubuhi alimtia binti yake chupa mkononi. "Jaza wewe."

"Mimi, Baba?"

"Kwani wewe si damu yangu? Enda. Na nisisikie umefungua mdomo."

Nanyama alikasirika. Lakini alikwenda, akajaza.

Majibu yalitoka safi. Sista Jelagat alifurahi, kisha akamtazama Nanyama. "Na lile povu?"

Nanyama aliangalia vidole vyake vya miguu. "Liliisha."

"Sawa. Baada ya miezi mitatu tutarudia."

Mzee hakurudi. "Si nilipimwa? Niko safi kama pamba!" Agosti ilipofika, alivuta mrija wa kwanza, wazee wakampigia makofi. Povu nalo lilizidi. Mara mbili Nanyama alijaribu kumkumbusha kliniki mbele ya wageni, na mara mbili alijibiwa, "Ati daktari wa darasa la sita!" Wageni walicheka hadi machozi. Ajabu ni kwamba Mzee huyohuyo ndiye aliyewafundisha wanawe methali ya mwiba, walipokataa kuvaa viatu shambani.

Mwaka wa pili miguu yake ilivimba, hata gamboti zake za mpira hazikumwingia. Chakula kilimchefua. Alipofikishwa hospitali mjini Bungoma, figo zote mbili zilikuwa zimekwisha. Sasa alilazwa kando ya mashine iliyomsafisha damu, mara mbili kwa wiki, na daktari hakuahidi lolote.

Kaka yake Nanyama, Mwalimu Walubengo wa Kanduyi, alikuja akiwa amefura kama chura. Alikuwa na karatasi za majibu ya Kitale mkononi.

"Huyu Jelagat aliandika figo safi! Alikuwa anasinzia? Leo barua inaenda kwa wakubwa wake, na lazima afutwe kazi!" Akaketi kitandani, akaanza kuandika.

Mzee Wabwile alisikia kila neno. Aligeuza uso ukutani.

"Baba, sema," alisema Nanyama.

Mzee alivuta blanketi hadi masikioni.

"Sema, Baba!" Wagonjwa wa vitanda vingine waligeuka.

"Wewe nyamaza," Walubengo alifoka. "Mambo ya hospitali unayajulia wapi?"

Nanyama aliinyakua ile barua, akaichana vipande viwili. Alitazama miguu ya baba yake, iliyotuna chini ya blanketi kama magogo, na maneno aliyoyameza miaka miwili yakatoka.

"Mkojo ule ulikuwa wangu! Figo alizozipima Sista ni zangu. Yeye peke yake ndiye aliyenisikiliza, nami nikamdanganya kwa kukuogopa wewe, Baba. Na wewe, kwa ajili ya mrija, unataka aliyetaka kukuokoa ndiye apoteze kazi! Ulitufundisha mwenyewe, Baba, tukiwa wadogo: mdharau mwiba, mguu huota tende."