Nyumba Aliyoinunua Fisi

— Waliokaa wamekaa?
— Tumekaa!
— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa nini?
— Nyumba!
— Ya nani?
— Tutajuaje? Sema wewe!

Haya, nasema. Na wewe unayetafuna karanga huko nyuma, tafuna polepole. Ukikosa neno moja hapa sitarudia.

Hapo kale, lakini si kale sana maana kamera ilikwisha fika, Bi Pimbi alikuwa na nyumba juu ya mawe. Ilikuwa nyumba ya maana: milango miwili, tangi la maji ya mvua, na baraza lililopata jua tangu linapochomoza. Lakini Pimbi alikuwa amezeeka. Masika yaliyopita aliteleza jiweni, pwaa! akavunjika mkono. Na binti yake aliyeolewa bondeni alikuwa mjamzito, siku zimekaribia. Pimbi alitaka jambo moja tu: mvua ya kwanza imkute bondeni, karibu na binti yake, mahali pasipo na jiwe la kupanda.

Basi ikabidi auze nyumba. Na nchi ile, ukiuza nyumba, ni lazima upite kwa Fisi.

Fisi alikuwa dalali. Alikuwa na nguvu, alikuwa na meno, na zaidi ya yote alikuwa na kamera, moja tu nchi nzima, ile inayotema picha papo hapo. Picha za nyumba zilibandikwa kwenye kichuguu cha gulioni. Wanunuzi walikuja, wakatazama, na nyumba isiyowavutia pichani hawakuchosha miguu kwenda kuiona. Ndivyo walivyo wanunuzi, hata wa leo.

Fisi akaja kwa Pimbi magharibi, jua limeshazama. Akapiga picha mlango wa choo, kacha! Akapiga picha godoro lililoanikwa, kacha! Akapiga picha sufuria lililotoboka, kacha!

"Bwana Fisi," Pimbi akasema, "na baraza je? Na tangi je?"

"Bi Pimbi, kazi ya dalali mwachie dalali."

Gulio la kwanza, hakuna aliyekuja. Gulio la pili, hakuna aliyekuja. Gulio la tatu likapita, akaja Fisi mwenyewe na kapu la magimbi.

"Nyumba yako haina soko, bibi. Basi kwa huruma yangu naichukua mimi. Kapu lako hili hapa."

Pimbi akachungulia kapuni. Magimbi yalikuwa machache, na ya chini yameoza. Akamkumbuka Nungunungu. Nungunungu alikuwa na nyumba pale chemchemini, jirani kabisa na binti wa Pimbi. Naye alipigiwa picha magharibi, naye hakupata mtu, naye aliletewa kapu. Sasa nyumba ya chemchemi ni ya Fisi, imefungwa, haikai mtu. Pimbi akashikwa na hasira mpaka masharubu yakamtetemeka.

"Nipe muda nifikiri," akasema.

"Fikiri," Fisi akajibu. "Mvua haifikiri, inakuja."

Asubuhi yake Pimbi akateremka mawe, polepole, mkono mmoja ukimuuma, aende akamwombe Fisi picha nyingine. Akamkuta amelala, khoroo, khoroo! Fisi hulala mchana kutwa. Siku za gulio hutoka na giza la alfajiri, hurudi na giza la usiku, na hupita mlango wa nyuma, ulio karibu na kitanda. Kamera ilikuwa imening'inia msumarini.

Pimbi akazunguka upande wa mbele akisubiri. Na hapo jua likapanda, likaipiga nyumba ya Fisi usoni.

Pimbi akashangaa. Kumbe ni nyumba nzuri! Ilikuwa chafu, mifupa imezagaa, magugu yamefika dirishani. Lakini mlango ulikuwa mpana, kizingiti cha jiwe jekundu, na mbele yake bonde lote limelala wazi. "Lo!" akasema moyoni. "Huyu bwana hajawahi kuiona nyumba yake."

Akachukua ufagio. Fya, fya, fya! Akang'oa magugu. Ng'o, ng'o, ng'o! Akafungua dirisha la mbele, akaokota kopo, akapanda asumini humo, akaliweka mlangoni. Fisi ndani, khoroo! Pimbi akaiazima kamera bila kumwamsha mwenyewe, akarudi nyuma hatua kumi, akangoja wingu lipite.

Kacha! Zzzii! Kamera ikatema picha.

Akairudisha kamera msumarini, akaokota ufunguo wa mlango wa mbele ulioota kutu chini ya jiwe la kizingiti, akaenda zake.

Siku ya gulio Fisi akaja kichuguuni kubandika picha zake za giza. Akaikuta moja inang'aa katikati. Akasimama. Mate yakamdondoka, to, to, to.

"Nyumba hii ya nani?"

"Naiuza mimi," Pimbi akasema.

"Wewe? Ni yako?"

"Si yangu. Mimi ni dalali tu, kama wewe."

Sasa sikilizeni. Nchi ile mauziano yote yalisemwa mbele ya Mzee Kobe, maana Kobe hutembea na nyumba yake, hana tamaa na ya mtu. Neno likisemwa mbele yake halirudi. Kobe akaitwa, akafika. Tulingoja kidogo, lakini alifika.

"Mwenyewe ni nani?" Fisi akauliza.

"Ni bwana mmoja mkubwa. Ana meno mengi."

"Mbona nyumba nzuri hivi anaiacha?"

"Hajui uzuri wake. Hafagii, hafungui dirisha, mchana analala."

Fisi akacheka, hii-hii-hii! "Mjinga huyo! Na akikataa kuuza?"

"Ukikubali wewe, Bwana Fisi, na yeye amekubali."

Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba. Gamba likatikisika kidogo.

"Anataka nini?"

"Nyumba kwa nyumba. Anataka ile ya chemchemini, na hati yake aikabidhi kwangu, nifanye nipendavyo."

Fisi akaitazama picha. Akaiona asumini, akakiona kizingiti chekundu. Nyumba ya chemchemi hakuwahi hata kuipenda, aliipora tu. "Nimekubali," akasema. "Umesikia, Mzee Kobe?"

"Nimesikia," Kobe akasema kutoka ndani. "Nimesikia vizuri sana."

Fisi akakabidhi hati na ufunguo wa chemchemini, naye Pimbi akampa ule wenye kutu. "Nenda kesho, jua likipanda. Na upite njia ya mbele, ile ipandayo kutoka bondeni."

Kesho yake Fisi akaenda, jua likipanda, akapita njia ya mbele. Akasimama uwanjani akalia machozi ya furaha. Akaingia, akajitupa kitandani. "Kitanda hiki kinanijua!" Akainua mto, akakuta mfupa ulioliwa nusu. "Na mwenyewe ni mwungwana, kaniachia kitafunwa!"

Pimbi yeye alimwendea Nungunungu. "Nyumba yako ya chemchemi hii hapa, na ufunguo wake. Nipe chumba kimoja, cha upande wa binti yangu." Nungunungu alilia, na miiba yote ikasimama. Mvua ya kwanza ilinyesha siku nne baadaye, na Pimbi alikuwa bondeni amempakata mjukuu.

Na nyumba ya mawe? Kabla hajahama Pimbi aliiazima tena kamera, mchana, wakati wa khoroo. Akapiga baraza na jua lake. Gulio lililofuata Mbuzimawe aliiona picha, akapanda kuitazama, hakushuka tena.

Fisi naye, jioni ile ile, alitoka kwenda kuchukua vyombo vyake katika nyumba yake ya zamani, aiuze na ile. Akazunguka kulia, hakuiona. Akazunguka kushoto, hakuiona. Mpaka leo, mkisikia usiku "Uuuu-wip! Uuuu-wip!" msiogope. Ni dalali, anatafuta nyumba aliyokwisha kuinunua.

Hadithi inatufundisha nini? Inatufundisha kwamba dalali ni mtu wa kuaminiwa, picha ya nyumba haina kazi yoyote, na anayefagia uwanja anapoteza asubuhi yake. Mnacheka nini? Nani kati yenu leo ana furaha ya nyumba kama Fisi?

Nami hadithi nimeifunga mlango, ufunguo nimeuacha chini ya jiwe la kizingiti. Anayeutaka afagie kwanza.