Kijiko Juu ya Boneti

Mbacha ni mkeka mkuukuu. Umechakaa pembeni, pengine una tundu, lakini ni wako na mgongo wako umeshauzoea. Msala upitao, mkeka wa kuswalia, ni mzuri wa macho, ila uko begani mwa mpita njia, naye akiondoka huondoka nao. Hayo aliyajua vizuri mjane mmoja, fundi wa kushona, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Sindano. Lakini kujua ni jambo moja, na kukumbuka siku ya kujaribiwa ni jambo jingine.

Mumewe alikuwa makanika. Kutwa alitengeneza magari ya watu, na lake mwenyewe lilikuwa moja tu: gari dogo la rangi ya maziwa, lenye taa za duara kama macho ya mtu aliyeambiwa habari, lililoundwa kabla yeye na mkewe hawajazaliwa. Alilipa jina la Ajuza. Vipuri visivyopatikana madukani alivichonga kwa mkono wake, na viti vilishonwa na Mama Sindano kwa uzi wa mara mbili. Watu walipomcheka kwa kung'ang'ania gari la zamani, alijibu, "Huyu ni mtu mzima. Mtu mzima haulizwi umri, huulizwa hali."

Naye alimuuliza hali kila Jumamosi mchana. Aliwasha mashine, akafungua boneti, akasikiliza, akaifunga. Mama Sindano alileta vikombe viwili vya chai, wakaviweka juu ya boneti, kijiko ndani ya kimoja. Kijiko kikitulia, mashine ni nzima. Kikilia dhidi ya kikombe, makanika alisema, "Kuna plagi inanung'unika," na chai ikasubiri.

Kisha makanika akaugua siku nne tu, na ya tano akafariki. Ajuza akafunikwa turubai. Kwa miezi mitatu Mama Sindano alipita uani ubavuubavu, uso ukiwa upande wa ukuta, kama mtu anayempita mgonjwa aliyelala. Mapazia ya wateja aliyapeleka kwa magari ya kukodi, na mara nyingi yalifika yamechelewa. Wateja wakaanza kununa.

Hapo ndipo alipoingia shemeji yake, mdogo wa marehemu, muuza mbao. Watu walimwita Kisasa, kwa sababu hata saa ya ukutani aliiona ya kizamani kwa kuwa ilikuwa na mishale.

"Shemeji, unafuga kutu," alisema. "Kaka amekufa na gari limekufa. Vifaa hakuna, na mafuta linabugia kama ngamia aliyefika kisimani. Nimekupatia dalali ana gari jipya, jeupe, linang'aa. Mnabadilishana tu, hili kwa hili."

"Kutu umeiona wapi? Umefunua turubai?"

"Sina haja ya kufunua. Uzee haufichiki."

Mama Sindano hakubishana. Kilio kirefu humfanya mtu akubali lolote, ilimradi aachwe apumzike. Akasema basi, aje.

Dalali alifika Jumamosi mchana, ameketi ndani ya gari jeupe lililong'aa kama sahani ya wageni. Aliweka hati ya makubaliano juu ya meza ya cherehani, katikati ya vipande vya kitambaa. Mama Sindano akawapa chai, akashika kalamu.

"Kabla hujatia sahihi, mama, tuliwashe kidogo nisikie," dalali alisema. "Ingawa, niseme kweli, hiki ni chuma chakavu. Nakusaidia tu."

Turubai likavutwa. Mdomo wa dalali uliendelea kusema chakavu, chakavu, lakini kidole chake kilikuwa kikipapasa fremu ya taa kama mtu anayempapasa farasi ambaye bado si wake. Mama Sindano alikiona kidole kile.

Betri ilikuwa imekufa. Kisasa akacheka mpaka akashika ukuta. Dalali akatoa kwenye buti ya Ajuza hendeli, chuma cha kuwashia mashine kwa mkono, akaichomeka mbele ya gari, akaikumbatia kwa viganja vyote na kuizungusha. Mashine ikaguna, hendeli ikarudi nyuma kwa nguvu, naye akaruka akipuliza vidole.

"Kidole gumba, baba!" Mama Sindano alipaza sauti. "Gumba likae upande mmoja na wenzake. Ukiikumbatia hivyo itakuvunja mkono. Na usiisukume chini. Ivute juu."

"Sasa mama, si uwashe wewe?"

Ili mikono yake iwe huru, aliweka kikombe chake pale alipozoea kukiweka, juu ya boneti. Akavuta choki, kishikio cha kuizidishia mashine mafuta. Akainama, akavuta hendeli mara moja. Kimya. Mara ya pili, Ajuza akakohoa, akatetemeka, akanguruma.

Kijiko kikaanza kulia.

Mama Sindano alisimama kama mtu aliyeitwa jina lake kutoka chumba cha pili. Kisasa akanyoosha mkono akiondoe kikombe.

"Kiache! Kuna plagi inanung'unika."

Alikiondoa mwenyewe, akafungua boneti. Akafunga kitambaa kikavu mkononi, akavuta waya wa plagi ya kwanza: mngurumo ukalegea. Akaurudisha. Wa pili, vivyo hivyo. Alipouvuta wa tatu, mngurumo haukubadilika hata kidogo. "Ni wewe," alisema. Akazima mashine. Chini ya kiti palikuwa na spana, imeviringishwa katika kipande cha gauni alilolishona zamani. Plagi ilitoka nyeusi kama kitako cha birika. Akaisugua kwa msasa, akaipuliza, akairudisha, akashika tena hendeli.

Safari hii, kikombe kiliporudi juu ya boneti, kijiko kilitulia. Machozi yakamshuka Mama Sindano.

"Nani alikufundisha, shemeji?" Kisasa aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hakuna aliyenifundisha. Mimi nilikuwa nashika tochi tu. Miaka ishirini na sita, nashika tochi." Akamgeukia dalali. "Haya, fungua na lako."

Dalali akafungua. Ndani palionekana mfuniko mweusi wa plastiki, umefungwa pande zote kama chungu cha mchoyo.

"Hapa hapaguswi, mama. Mpaka kompyuta."

"Na kompyuta ikigoma?"

"Unasubiri."

"Mimi nimeshasubiri vya kutosha mwaka huu." Akaifunika kalamu kwa kifuniko chake. "Watu hudhani mwenye gari la kale anapenda taabu. Si taabu, baba. Hili likiumwa linaniambia, nami nalielewa. Nenda na gari lako."

"Basi nalichukua mimi!" Kisasa alidakia, akimgeukia dalali. "Nakupa pikapu yangu."

Pikapu ile ilikuwa na sura mbaya kama deni, lakini kwa miaka kumi haikuwahi kumlaza njiani na mzigo wa mbao.

"Shemeji, taratibu," Mama Sindano alionya. "Kadi ya gari ina jina la nani?"

"Kadi iko ofisini, itafuata," dalali alijibu haraka.

"Umesikia? Itafuata," Kisasa alisema, akatia sahihi juu ya meza ileile.

Kwa wiki mbili alizunguka mtaani na vioo vimefungwa. Wiki ya tatu alifika dukani kwake mwanamke mmoja mwenye miwani, pamoja na askari, mkononi ana kadi na ufunguo wa pili. Gari jeupe lilikuwa lake. Alikuwa amemkodishia dalali kwa mwezi mmoja, na mwezi ulikuwa umekwisha. Alizungumza kwa adabu, akaingia, akaliondoa. Simu ya dalali haikupatikana. Pikapu nayo ilikuwa imeshauzwa mbali, haikuonekana tena.

Jumamosi ile Kisasa alifika uani kwa miguu, vumbi hadi magotini. Ajuza alikuwa ananguruma, kiti cha nyuma kimejaa mapazia ya mteja, yaliyokuwa sasa yakifika kwa wakati.

"Nicheke basi, shemeji. Nimestahili."

"Nikucheke wakati nina kazi?" Mama Sindano aliingiza kichwa chini ya boneti, akamnyooshea mkono bila kumtazama. "Shika tochi. Mulika hapa. Nitakufikisha dukani, na ukipata pikapu nyingine kuukuu, usikubali ije peke yake. Ije na kadi."

Kisasa akashika tochi kwa mikono miwili. Walipomaliza, yeye mwenyewe ndiye aliyeweka kikombe juu ya boneti, akainama akatega sikio kama mtoto kwenye mlango wa wakubwa.

"Kimenyamaza," alinong'ona.

"Kunywa chai yako, twende," Mama Sindano akasema. "Na huko njiani ukiulizwa gari jipya liko wapi, wajibu tu: usiache mbachao kwa msala upitao."