Gunia Lililobaki

Palikuwa na sultani katika mji wa Shungwi aliyejaza ghala lake mtama wa watu kwa jina la kodi. Mvua ikakataa kunyesha, njaa ikaingia. Watu walipomlilia hakusema hapana. Alisema mbele ya kadhi:

"Mtama wote ni wenu. Gaweni mafungu yaliyo sawa. Gunia lisifunguliwe, wala lisibaki hata moja. Likibaki, ghala nalifunga."

Magunia yalikuwa elfu mbili mia tano na ishirini na moja. Hesabu hiyo aliichagua waziri, naye alijua anachochagua.

Watu wakagawa kwa mitaa, maana mitaa ni saba. Likabaki moja. Ghala likafungwa. Wakaomba lifunguliwe tena, wakagawa kwa misikiti, nayo mitano. Likabaki moja. Wakagawa kwa koo tisa. Moja. Wakaanza kulitukana lile gunia kana kwamba lina masikio.

Bi Kijakazi, mtwangaji wa nafaka za watu, alikuwa ametoka kumzika jirani yake. Hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja barazani, vumbi la makaburini miguuni.

"Maulana, nimekuja kugawa."

"Ukishindwa nakukata ulimi."

"Utapata kazi, ni mrefu."

Kadhi akakohoa. Sultani akatabasamu. "Haya, mafungu mangapi?"

"Saba, kwa mitaa."

"Litabaki moja, mama!"

"Najua. Hilo moja litakuwa la nani?"

Sultani akacheka mpaka kilemba kikalegea. "La nani tena? Langu! Katika mji huu, kisicho na mwenyewe ni changu."

"Sheikh kadhi, umesikia?"

"Nimesikia," akasema kadhi, na papo hapo akatamani asingesikia.

"Basi Maulana achukue lake kwanza, sisi tusishike mali ya mtu."

Wapagazi wakalitoa, wakaliweka miguuni pa sultani. Bi Kijakazi akageukia ghala.

"Sasa gaweni. Kila mtaa mia tatu na sitini. Litabaki?"

"Halibaki," wakajibu wapagazi.

Waziri akamnong'oneza sultani. Sultani akapiga kiti. "Sitaki mitaa! Kwa koo!"

"Mia mbili na themanini kila ukoo."

"Kwa misikiti!"

"Mia tano na nne kila msikiti. Maulana achague, sisi tunakula kwa vyovyote."

Sultani akamtazama waziri. Waziri akatazama dari. Nje umati ulikwisha kuanza kubeba, na hapakuwa na askari aliyezuia, maana askari nao wana mitaa yao.

Sultani akalitazama gunia lililo miguuni pake.

"Ghala zima, nami nibaki na gunia moja tu?"

"Wewe una nafuu, Maulana," akasema Bi Kijakazi. "Hilo hulazimiki kumgawia mtu."