Bunduki ya Rangi Yenye Kitako Kilichopinda

Wapendwa, leo nawapeleka kwenye uwanja ambao wengi wetu hatujaukanyaga. Nje ya mji, kwenye shamba la kahawa lililoachwa, kuna vijana hucheza vita. Wanavaa barakoa ngumu, wanajificha nyuma ya matairi na mapipa, na kwa bunduki za hewa wanarushiana vidonge vya rangi, ukubwa wa gololi. Kidonge kikikupasukia, umetoka. Hakuna anayekufa. Lakini wivu, ndugu zangu, hauulizi kama vita ni vya kweli au vya mchezo.

Kulikuwa huko na kinyozi mmoja. Alicheza kila Jumamosi, na alicheza vizuri. Shida ni kwamba timu yao ilikuwa pia na fundi wa pikipiki. Fundi huyo alikuwa na bunduki aliyoifumua na kuiunda upya kwa mikono yake: mtutu mrefu, kifyatulio laini, kitako cha chuma alichokipinda kwa moto hadi kikakaa kama mguu wa mbuzi. Fundi akilenga, mtu anatoka. Mchezo ukiisha watu walimzunguka fundi, na kinyozi akabaki pembeni anapangusa viatu ambavyo havikuwa na vumbi.

Mnaujua wivu wa namna hiyo? Hauna kelele. Unakaa kooni kama mwiba wa samaki. Unameza mate, unameza ugali, bado upo. Kinyozi alimpongeza fundi kama wengine. Alimnyoa kila mwezi, akamwuliza habari za watoto. Lakini kila mashine ilipopita kisogoni, moyo wake ulisema: si yeye, ni ile bunduki. Ningekuwa nayo mimi, wangenijua.

Siku moja fundi akaandika kwenye kundi lao la simu kwamba anaunda nyingine, na ile ya zamani anaiuza. Anayeitaka aje nyumbani, aiweke begani kwanza.

Aiweke begani, mbele ya fundi? Kinyozi aonekane anaitamani? Thubutu! Akajibu pale pale kwamba yeye hana haja na vyuma vya watu. Kisha akauza kiti kimoja kati ya viwili alivyokuwa navyo dukani, akampa shemeji yake zile hela akainunue, na akamwonya asitaje jina. Jumamosi iliyokuwa inakuja walikuwa wanacheza na wageni, na atakayeng'ara ndiye angefanywa nahodha.

Shemeji alirudi na bunduki ndani ya gunia, anacheka.

"Jamaa ana maswali kama daktari," akasema. "Eti mnunuzi analenga kwa jicho gani. Nikamwambia, bosi, ana macho mawili na yote mazima, wewe shika hela."

Wakacheka wote wawili.

Jumamosi ikafika. Fundi hakuja, alikuwa anamalizia ile mpya. Kinyozi akaitoa bunduki guniani taratibu, ili kila mtu aione. Filimbi ikalia. Akalenga, kidonge kikapasuka kwenye mti wa kahawa. Akalenga tena, kikapasuka kwenye pipa. Kitako kilimsukuma shavu, na kibomba cha kulengea kilichokuwa juu ya mtutu kilikaa mbele ya jicho la kushoto, naye hulenga kwa la kulia. Kabla hajamgusa hata mgeni mmoja, rangi ya njano ilimpasukia kifuani. Mwenzake mmoja alipomwona anatoka, akamwambia kwa upole, "Kaka, wewe na hiyo bunduki bado hamjasalimiana."

Hakubadilisha hata nguo. Alikwenda moja kwa moja kwa fundi, rangi ikimtiririka.

"Umeniuzia kitu kibovu," akasema.

"Kumbe ni wewe?" Fundi aliweka spana chini. "Ningejua ni wewe, nisingeuza."

Hapo kinyozi akalipuka. Akamwambia amejua siku zote kwamba fundi hapendi mwingine aonekane, kwamba anapenda kuzungukwa na watu, kwamba ana roho mbaya. Ya miaka yote yalitoka. Fundi akasubiri yaishe. Kisha akainua kiganja, akafunika jicho lake la kushoto.

"Hapa sikuoni," akasema. "La kulia lilikufa nikiwa mtoto. Nilikipinda kitako ili hili moja lifike nyuma ya mtutu. Hiyo uliyonunua ni fimbo ya kipofu, ndugu yangu."

Kinyozi akalitazama jicho lile. Kichwa kile alikuwa akikishika kila mwezi. Alikigeuza huku na huku mbele ya kioo, wala hakuwahi kuutazama uso.

"Ungeniambia tu," fundi akaendelea. "Ningekupima bega na jicho, nikakutengenezea yako. Bure. Kwani wewe si wa kwetu?"

Ndugu zangu, sisi ndio tuliosimama pale na rangi kifuani. Sisi tunaoitazama ndoa ya jirani, kazi ya jirani, sauti ya dada yule wa kwaya, tukisema ningekuwa nayo mimi. Tumewahi kuuliza ilipindwa kwa moto gani, na kwa sababu ya jeraha gani? Utulivu wa mama yule unaoutamani, unajua amezika wangapi hadi kuupata?

Na kibaya zaidi, tunatuma watu mlango wa nyuma wakatuletee cha mwenzetu, wakati yupo anayeyajua mabega yetu, na chetu hatujawahi kumwomba. Tunaona aibu kuomba. Kuiba kwa moyo hatuoni aibu.

Basi kabla hujainamisha kichwa kusali, mtafute mtu uliyemwonea wivu. Usitazame alichoshika. Mtazame usoni. Yumo humu ndani, na pengine mmeketi benchi moja.