Kidole Kilichopinda cha Jogoo wa Mize

Mikeka hii mliyoikalia, yenye wekundu na umanjano wake, msidhani ilianza hivyo. Ulikuwapo wakati, mbali sana huko nyuma, mikeka yote ya dunia ilikuwa myeupe. Myeupe tupu, kama mfupa uliolambwa na mbwa. Msukaji alikata miyaa, ndiyo yale majani machanga ya mkindu, akayaanika, akayachana, akasuka ukili, utepe mrefu wa miyaa, kisha akaushona ubavu kwa ubavu mpaka mkeka ukatimia. Rangi haikumjia mtu akilini. Nani, walisema, anatazama anachokikalia?

Kijijini Mtondooni weupe huo ulikuwa ukileta maneno kila penye shughuli. Kukiwa na arusi au khitma, kila nyumba ilipeleka mkeka wake. Watu wakishakula, kila mmoja alikunja ulio karibu naye akaenda zake. Aliyekuja na mzima akarudi na uliotoboka. Na alikuwapo bibi mmoja, Bi Mboja, ambaye kila mara alikuja na uliotoboka akarudi na mzima. Mimi sisemi alikuwa mwizi. Nasema tu alikuwa wa kwanza kuaga.

Jirani yake aliitwa Mize, mke wa Faki. Mize alikuwa na binti mmoja, Raya, aliyeposwa na watu wa ng'ambo ya mto, wenye maringo yao. Desturi ilikuwa kwamba bibi arusi hapakwi hina ila akiwa amekaa juu ya mkeka uliosukwa na mama yake. Hakuna mkeka, hakuna hina. Hakuna hina, hakuna arusi. Mize akausuka wa Raya masika yote, vidole vikapasuka, akaushona kwa uzi mwembamba, akauweka nyuma ya mlango.

Sasa wanaume mnawajua. Siku ya khitma kwa Mzee Khatibu, mkubwa wa kijiji, Faki aliambiwa abebe mkeka. Ule wa zamani ulikuwa uvunguni. Wa Raya ulikuwa nyuma ya mlango. Faki akaona tabu kuinama. Jioni akarudi na mkeka wenye tundu ambalo paka angepita, mkia na yote.

Mize hakupiga kelele. Alivaa kanga akaenda moja kwa moja kwa Bi Mboja, akaukuta mkeka wa mwanawe umetandikwa ukumbini, Bi Mboja juu yake anachagua mchele.

"Bi Mboja, huo mkeka wangu."

"Wako?" Bi Mboja hakuinua hata macho. "Mbona haujaniambia?"

Wakaenda kwa Mzee Khatibu. Mzee akautazama mbele, akautazama nyuma, akaunusa, Mungu anajua kwa nini, kisha akasema mkeka mweupe ni mkeka mweupe, na yeye hawezi kuuhukumu usio na mdomo. Watu wakacheka. Bi Mboja akaukunja, akaaga wa kwanza.

Habari zikavuka mto kabla Mize hajafika kwake. Mama wa bwana arusi akatuma neno: hina ni mwezi mpya ukiandama, na mkeka usipokuwapo, yuko binti mwingine, wa kijiji cha Tumbe, anayejua kupika.

Raya akalia. Faki akasema, "Suka mwingine tu, mke wangu." Mize akamtazama mpaka mwanamume akatoka nje. Kusuka angesuka, lakini mweupe hasuki tena. Aliapa mkeka atakaousuka safari hii utakuwa na mdomo, utaje nyumba uliyotoka mbele ya mtu yeyote.

Kuapa ni rahisi. Ataweka nini? Alikwenda msituni akarudi na maua. Yakanyauka kabla hajafika kizingitini. Alikwenda pwani akaokota kombe, akazigeuza na kuzigeuza, ukili ukakataa kuzifuata. Akamwendea shangazi yake aliyekuwa bingwa wa kusuka; shangazi akamwambia jambo hilo halijawahi kufanywa, akamwonyesha njia ya kurudia. Kila asubuhi alianika miyaa uani, kila jioni akaiingiza ndani myeupe vilevile. Mwezi ukawa unakonda juu yake. Watu wakasema ameanza kuchanganyikiwa. Yeye akachana mingine akaanika.

Siku moja Raya alikuwa amekaa uani anasaga manjano ya singo, lile la kujisugulia bibi arusi, maana Mize hakukubali aache kujitengeneza. Nyumba ile ilikuwa na jogoo mmoja jeuri, aliyejulikana kijiji kizima, ambaye kidole chake cha kati cha mguu wa kushoto kilibanwa na mlango tangu kifaranga, kikapona kimepinda. Jogoo akarukia bakuli. Manjano yote chini. Raya akatupa kijiti, jogoo akakimbia, akapita juu ya miyaa iliyoanikwa kutoka mwanzo hadi mwisho, kah! kah! kah!

Mize akatoka jikoni na mwiko mkononi, tayari kwa mchuzi wa kuku. Mwiko ukabaki juu. Kwenye miyaa ile myeupe palikuwa na nyayo za njano, vidole vitatu vitatu, na katika kila unyayo wa kushoto kidole kimoja kimepinda.

"Mama, nimfunge?" Raya aliuliza.

"Umfunge kwa nini? Mpe mtama."

Hapohapo akachemsha miyaa mingine kwa manjano, na mingine kwa magome ya mkandaa mpaka yakatoa wekundu wa damu ya mzee. Kisha akakaa kitako, usiku na mchana. Alizisuka zile nyayo akafumua, akasuka akafumua. Ukili ulitaka kukinyoosha kile kidole kilichopinda, kwa kuwa ukili unapenda kwenda sawa, naye akaurudisha kwa kucha. Alimwita jogoo akamtazama mguu, akafumua tena. Raya akamwambia kidole kikinyooka hakuna atakayejua. "Mimi nitajua," akasema, "na jogoo." Kikapinda kama kinavyopinda.

Mkeka ukakamilika siku chache kabla ya mwezi kuandama. Na Mize akafanya jambo lililomtoa Faki jasho: akaupeleka kwenye maulidi ya kijiji, akautandika karibu kabisa na alipokaa Bi Mboja.

"Una wazimu? Atauchukua!"

"Ndiyo maana nimeuleta."

Bi Mboja aliuona. Mate yalimjaa. Alikula haraka, akaaga wa kwanza, akaukunja, akautia kichwani. Lakini safari hii njia nzima watu walisimama. "Bi Mboja, jogoo wa Mize mwampeleka wapi?" Kila mlango aliopita ukatoa mtu wa kumfuata. Alipofika kwake kijiji kizima kilikuwa nyuma yake, Mzee Khatibu mbele.

"Nimesuka mwenyewe," Bi Mboja akasema. "Haya ni maua."

"Maua gani," Mize akauliza, "yenye jani moja lililopinda kwenye kila ua la kushoto?"

"Ni... maua ya kwetu."

Mize akapiga mluzi. Raya akaja na jogoo kwapani, wakamnyunyizia mtama juu ya mkeka. Jogoo akashuka, akatembea kwa madaha, akaweka mguu wake wa kushoto barabara juu ya unyayo uliosukwa, kidole kilichopinda juu ya kidole kilichopinda. Mzee Khatibu alicheka mpaka akashikwa asianguke. Akasema mkeka huu umesema, na aliyeuchukua huu ndiye aliyeuchukua na ule. Bi Mboja akairudisha yote miwili. Mwezi ulipoandama, Raya alipakwa hina juu ya nyayo za jogoo.

Siku ya pili ya arusi Bi Mboja akaja kwa Mize kuomba kaa la moto. Kaa alipewa, hakuondoka. Macho yanazunguka kuta, dari, vyungu.

"Unatafuta nini, shoga?"

"Pambo."

"Katafute kwako."

"Kwangu kuna nini? Mbuzi ya kukunia nazi tu, imeng'oka meno."

"Basi hayo meno ndiyo pambo lako. Na pengo usilizibe."

Na tangu siku hiyo mikeka ya shughuli ikawa na rangi, na kila nyumba ikasuka kilichomo ndani yake. Ndiyo maana msukaji akiingia kwa mtu macho yake hayatulii. Msimwite mmbea, yuko kazini. Na ndiyo maana pambo liitwalo guu la jogoo halisukwi ila kidole kimoja kipinde. Atakayekinyoosha ataulizwa, mbele za watu, huyo jogoo kamtoa wapi.