Natalia na Kicheko cha Malkia Vashti

"Hivi mama Monica, huyo malkia wenu alikosa nini hasa?" Saumu mwenye duka, jirani yake Natalia pale Dongobesh, aliuliza hivyo siku moja akimpimia sukari.

Natalia alicheka. "Alikosa adabu, dada yangu! Mume kamwita mbele ya wageni, yeye kakataa. Njoo Jumapili uone tutakavyomnyoa bila maji."

Natalia, mjane mcha Mungu, ndiye aliyetunga igizo la Malkia Vashti wa kwenye Biblia kwa ajili ya kina mama wa jumuiya, na malkia alimwigiza mwenyewe. Nyumbani, lakini, alikuwa na binti yake Monica, aliyerudi kutoka kwa mumewe huko Nangwa na mtoto mgongoni, kimya kama jiwe la kusagia. Natalia hakumhoji. Alilelewa kwamba binti akirudi, wa kumhoji ni wazee wa ukoo. Kazi ya mama ni kukoroga uji na kungoja. Patriki, mkwewe, alikuja kumfuata, na Natalia alikwisha kumwahidi kwamba igizo likiisha ataondoka na mkewe.

Jumapili ukumbi wa kanisa ulifurika. Natalia alitamba jukwaani amebinua midomo, taji la bati limemkaa upande, watu wakashika mbavu.

"Malkia!" aliita mjumbe wa mfalme. "Bwana wako amelewa na wenzake. Anataka uje wakutazame ulivyo mzuri!"

"Mwambie uzuri wangu haushuki ngazi!"

Ukumbi ukalipuka. Patriki alicheka kuliko wote. Kwenye benchi la nyuma, Monica alijifunika uso kwa khanga, mabega yakimtetemeka. Waliokaa karibu walidhani anacheka. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Natalia alishuka, akapiga magoti mbele ya binti yake. "Mwanangu, nawe ulifanyiwa hivi?"

"Aliniita nicheze mbele ya walevi wenzake, mama. Nilipokataa, alinifungia nje na mtoto, na baridi ile, mpaka kukakucha."

Kicheko kikakatika. Natalia akamkumbatia. "Nisamehe, mama yangu. Malkia wa watu nilikuwa namchoma huku nacheka, kumbe nakuchoma wewe."

Kisha akamgeukia mkwewe, sauti ya upole. "Baba, Monica haondoki leo. Ukiwa na neno, wazee wapo."

Patriki aliangaza huku na huku akitafuta wa kumtetea. Hakumpata. Akachukua kofia yake, akatoka, na ukumbi mzima ukajua: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.