Mtungi Ulionung'unika

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na milango na milango ikawa na makomeo, Bwana Kifaru aliishi juu ya kilima chenye majabali. Alikuwa na nyumba ya udongo, ua mpana, na sheria moja tu.

Msiidharau kwa kuwa ni moja, wanangu. Ilisema hivi: katika kilima hiki, ni marufuku kunung'unika.

Ukibebeshwa maji, beba. Ukinyang'anywa viazi, shukuru. Ukisema "mh!" tu, umekwisha. Macho ya Kifaru yalikuwa dhaifu, hata pembe yake mwenyewe aliiona kwa taabu. Lakini masikio! Sisimizi akikohoa bondeni, yeye huku juu anauliza, "Nani huyo ananung'unika?" Na kilima kizima kinameza mate.

Chini ya jabali kubwa palikuwa na pango, na humo aliishi Bi Pimbi, mjane, na wanawe watatu. Siku hizi mkigombana mnaitana pimbi, mnadhani ni tusi. Acheni ujinga, sikilizeni kwanza. Pango lile lilikuwa kavu wakati wa mvua na lenye ubaridi wakati wa jua, na uzuri huo ndio uliomponza.

Asubuhi moja, hodi! Na hodi yenyewe ilikuwa teke. Ti!

Bi Pimbi akatoka. Kifaru alikuwa amesimama nje na mnyapara wake, Ngiri.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba. Pango lako lina ubaridi mzuri. Nataka kuweka mitungi yangu ya pombe humu. Wewe hama."

"Nihame lini, mzee?"

"Jana."

Bi Pimbi akawatazama wanawe, waliokuwa wamejibanza nyuma yake. "Masika yako mlangoni, mzee. Hawa nitawaweka wapi?"

"Unanung'unika?"

"La hasha! Nauliza tu."

Sasa, kuhusu hiyo pombe. Kifaru alipenda ile kali, inayochemshwa chunguni mpaka mvuke upite kwenye mwanzi na kutona tone, tone, tone. Chungu alikuwa nacho, mwanzi alikuwa nao, na beseni la maji ya kupozea mwanzi lilijazwa kila siku na wanyama wa watu. Lakini huwezi kuchemsha usichonacho. Kwanza upate kangara, yaani maji ya sukari yaliyochacha. Na kangara ya Kifaru ilikuwa haichachi. Kwa nini? Ubahili! Hamira hataki kununua. Anamwaga maji baridi juu ya sukari, anakaa, anasubiri, anaonja. Maji matamu!

Bi Pimbi alilijua hilo. Akauliza kwa upole, "Hivi, mzee, kangara yako imegoma mara ngapi?"

"Tatu," alisema Ngiri.

"Nani kakuuliza wewe?" Kifaru alifoka.

"Basi nisikilize," alisema Bi Pimbi. "Nipe sukari guru. Si ile nzuri, nipe makombo yaliyobaki chini ya gunia. Nitakutengenezea mtungi wa kangara kwa siku saba, na hamira sikuombi. Ikichacha, niachie pango langu."

"Na isipochacha?"

"Nitahama, na sitanung'unika."

Kifaru akafikiri. Vifaru wenzake wa ng'ambo ya mto walikuwa wanakuja kwenye ngoma yake, na hakuwa na tone la kuwapa. Tena makombo hayamgharimu kitu. "Haya!"

"Ila tuwekeane sharti, wote wasikie. Mtungi ukiharibika mikononi mwangu, nahama. Ukiharibika mikononi mwako, pango ni langu na wanangu na wajukuu zangu."

Kifaru akacheka, kho kho kho! "Mimi niharibu mtungi? Ngiri, nenda kisimani ukawatangazie wote!"

Ngiri akaenda, akatangaza.

Msiende kuwaambia mama zenu kwamba shangazi anawafundisha kupika pombe. Nawasimulia kilichotokea, basi. Bi Pimbi alipewa sukari guru nyeusi iliyochanganyika na mchanga na nyuzi za gunia. Akaiyeyusha kwenye maji ya uvuguvugu, akaichuja. Kisha akazunguka majalalani akiokota maganda ya nanasi na ndizi zilizoiva hadi zikawa nyeusi.

"Mama, mbona tunaokota taka?" aliuliza mtoto wake mdogo.

"Hii ndiyo hamira ya maskini, mwanangu. Imelala kwenye ganda. Ukiipa utamu na joto, itaamka."

Wakavitia vyote mtungini, wakafunika mdomo kwa jani la mgomba, wakauzungushia gunia usipate baridi.

Siku ya kwanza, kimya. Watoto walitega masikio. Kimya!

"Mama, hausemi kitu."

"Utasema."

Alisema hivyo kwa kujikaza tu. Moyoni alikuwa na hofu kubwa. Wingu la masika lilikuwa limeshajaa upande wa milimani, na yeye hakuwa na shangazi wala mjomba wa kumkimbilia. Akaukumbatia mtungi ule siku nzima, akiupa joto la mwili wake.

Asubuhi ya pili: puku.

Bi Pimbi akashtuka. Puku. Puku puku. Shiiii! Povu jeupe likainua jani. Watoto wakarukaruka, na mama yao akafuta machozi kwa mgongo wa mkono, akasingizia moshi.

Furaha haikumaliza hata saa moja. Ngiri huyo, anatweta.

"Dada, nimetumwa tu, usinichukie. Bwana mkubwa anasema mtungi uhamie kwake leo hii."

"Siku saba bado."

"Najua. Lakini..." Ngiri akatazama huku na huku, akanong'ona. "Anasema siku ya saba atatangaza kuwa imegoma. Kangara anywe yeye na wageni wake, na pango achukue."

Bi Pimbi akafikiri kiasi cha kutafuna jani moja. Angelia? Kwa nani? Angekataa? Angekanyagwa. Akaona amebaki na kitu kimoja, ulimi wake.

"Twende," alisema. "Wanangu, nifuateni."

Uani kwa Kifaru, wanyama walikuwa foleni na vibuyu vyao, wakilijaza beseni. Ngiri akachimba shimo, akaufukia mtungi hadi tumboni usiyumbe, shingo na mabega yakabaki nje.

"Bwana mkubwa," alisema Bi Pimbi kwa sauti ya kufika hadi mwisho wa foleni, "mtungi wako huo. Sasa uko mikononi mwa nani?"

"Mikononi mwangu."

"Jamani, mmesikia?"

"Tumesikia," wanyama walijibu, bila kuelewa mambo yanaelekea wapi.

Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Wapika pombe wote duniani, kangara inapotoa povu, husema inachacha. Wengine husema inaumuka, wengine inachemka. Bi Pimbi aliyajua maneno yote hayo. Akayaacha, akachagua lingine.

"Nakuomba jambo moja tu, mzee. Usizibe mdomo wake, hilo jani linatosha. Mtungi huu bado unanung'unika."

Foleni ikasimama.

"Una... nini?" aliuliza Kifaru.

"Unanung'unika. Uache useme. Ukimaliza yaliyomo tumboni, utanyamaza wenyewe. Lakini ukiuziba..."

"Ati nini!" Kifaru alipaza sauti. "Kitu kinanung'unika? Kwangu? Uani kwangu?"

Akainama, akatega sikio.

Puku puku puku. Shiiii!

"Kumbe kweli! Tena mbele ya watu! Ngiri! Ziba!"

"Mzee, mara ya pili, nakusihi usizibe."

"Ahaa! Unataka ubaki wazi upate kuja kuchota! Ngiri, ziba, nimesema!"

"Basi na hii ni mara ya tatu, na wote ni mashahidi. Nimesema usizibe."

Kisha Bi Pimbi akawashika wanawe mikono, akarudi nyuma hatua kumi. Kobe alimwona, naye akarudi nyuma. Swala akamwona Kobe. Taratibu foleni nzima ikajikuta imehamia ukutani.

Ngiri akachomeka gunzi la hindi mdomoni mwa mtungi. Kidogo tu... Pu! Gunzi likaruka likampiga Kifaru puani.

"Unanitemea! Leta gogo!"

Ngiri akachonga gogo, akalipigilia, akalikandika udongo pembeni. Udongo ukafanya ufa. Shiiii!

"Bado unasema! Leta jiwe la kusagia!"

Jiwe likaletwa. Likatulia kidogo, kisha likaanza kutetemeka, gada gada gada.

"Bwana mkubwa," alisema Ngiri, "pengine tungemsikiliza yule mama..."

"Nyamaza na wewe! Hamjui kunyamazisha. Ondoka hapo!" Kifaru akalisogeza jiwe, akageuka, akakaa juu ya gogo mwenyewe, na makalio yake yote.

Kimya.

"Mnaona?" alisema, akitabasamu. "Umenyooka. Haya, bebeni maji!"

Wanyama wakabeba maji. Jua likapanda, Kifaru amekaa. Jua likafika utosini, Kifaru amekaa, na mtungi kimya. Alifurahi sana, maskini, kwa sababu kwake kimya kilikuwa ni kuridhika. Alikuwa hajawahi kujiuliza kinyamazacho kinafikiri nini.

Mara, chini yake: ng'uuuu.

"Nani huyo ananung'u..."

PAAAA!

Siwaambii kwamba aliruka hadi mawinguni. Mnajua mimi siongopi kupita kiasi. Aliruka kimo cha mbuzi. Mtungi ulipasuka mabega, gogo likaenda zake bondeni, na Kifaru akatua ndani ya beseni, chubwi! Mwanzi ukakatika vipande vitatu. Chungu kikavunjika. Povu likawanyeshea wote, na ganda moja la ndizi likaning'inia kwenye pembe ya bwana mkubwa.

Hakuna aliyecheka. Waliogopa mno.

Ndipo Ngiri, povu likimchuruzika masharubuni, akasema polepole, "Nimechoka kuchimba."

Kila mmoja akaduwaa. Hata Ngiri mwenyewe alijishangaa.

"Nani huyo ananung'unika?" Kifaru alinguruma.

Kwa desturi, hapo kilima kizima humeza mate. Siku hiyo hawakumeza.

"Na mimi," alisema Kobe. "Kibuyu kizito, na kisima kiko mbali."

"Na mimi!" alisema Swala. "Viazi vyangu ulivichukua nikiwa na mimba."

"Na mimi!" "Na mimi!" "Hata mimi!" Kila upande wa ua, sauti ndogondogo zikawa zinapanda, puku puku puku, mpaka ungedhani ni mtungi.

Kifaru akainuka kutaka kumrukia aliyesema. Lakini amrukie nani? Povu limemjaa machoni, na sauti zinatoka kila mahali. Akazunguka mara moja ndani ya beseni, akazunguka mara ya pili. Kisha akakaa.

"Nani?" aliuliza tena, na safari hii sauti ilikuwa ya chini.

"Sote," walijibu.

Bi Pimbi akasogea mbele, wanawe wakimshika nguo. "Bwana mkubwa, mtungi umeharibika mikononi mwa nani?"

Kifaru alijifuta povu machoni. Alitazama mashahidi, na ingawa hakuwaona vizuri, aliwasikia wanavyopumua, wengi mno.

"Mikononi mwangu."

"Na pango?"

"Lako." Akalitoa lile ganda kwenye pembe yake, akaligeuzageuza. "Lakini Bi Pimbi, si ungeniambia kwamba utapasuka?"

"Nilikuwa nakwambia, mzee. Ulinikatiza."

Masika yalianza siku ya pili yake. Mvua ilipiga majabali siku tisa mfululizo, na ndani ya pango watoto watatu walilala pakavu wamebanana na mama yao. Wapo wasemao Bi Pimbi alikuwa mwongo. Mimi husema, nitajieni uongo wake mmoja. Alichagua neno tu, na yaliyobaki Kifaru alijifanyia mwenyewe.

Basi mimi nimemimina, nanyi mmekinga. Kisichowafaa kimwageni, hili moja mbaki nalo: anayenung'unika msikilize, kwani ukimziba mdomo, atakupasukia.